Kujitegemea Hakuamrishwi

Kwa miaka mingi, katika shule za Tanzania, neno "kujitegemea" lilikuwa na maana moja tu kwa mtoto: jembe. Mwalimu wa zamu alipotangaza kwamba mchana kutakuwa na kujitegemea, wanafunzi walijua kwamba wanakwenda kwenye shamba la shule. Mtoto wa Rungwe Mpya, katika nyanda za juu za Kasulu, alilijua neno hilo kwa njia hiyo, sawa na mwenziwe wa Kibondo, wa Masasi au wa Ukerewe. Hapana ubaya wowote katika jembe, kwani ndilo lililolilisha taifa hili. Lakini falsafa iliyobeba heshima ya nchi nzima inapogeuzwa kuwa kipindi cha mchana, hapana budi kuuliza: nusu yake nyingine ilipotelea wapi?

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutoa mwezi Machi 1967, ulidai mambo matatu kwa kila mwananchi anayepitia shule. La kwanza ni akili ya kudadisi. La pili ni uwezo wa kujifunza kwa wengine, kisha kuyakataa au kuyarekebisha waliyofanya ili yalingane na mahitaji yake mwenyewe. La tatu ni imani thabiti ya kwamba yeye ni mtu huru, aliye sawa na wenzake, anayethamini na kuthaminiwa. Shamba la shule lilikuwa njia mojawapo ya kuyafikia hayo. Kwa bahati mbaya njia iliwekwa mahali pa mwisho wa safari, na akili ya kudadisi ikaachwa nyuma kama mzigo uliosahauliwa kituoni.

Uzito wa mzigo huo utaonekana vizuri zaidi likitazamwa taifa jingine ambalo, likiwa bado changa, lilijadili neno hilohilo.

MAREKANI NA EMERSON

Marekani ilitangaza uhuru wake kutoka kwa Waingereza mwaka 1776. Hata hivyo, miaka sitini baadaye wasomi wake walikuwa bado wakitazama London kila walipotaka kujua kipi ni kitabu kizuri na yupi ni mshairi. Bendera ilikuwa yao, lakini kipimo cha uzuri kilikuwa cha mtawala wa zamani. Mtu aliyewaamsha alikuwa Ralph Waldo Emerson, aliyezaliwa Boston mwaka 1803. Alikuwa mchungaji wa kanisa, akajiuzulu mwaka 1832 kwa sababu hakuweza tena kuongoza ibada ambayo moyo wake hauiamini. Mwezi Agosti 1837 alitoa hotuba mbele ya wasomi wa Harvard akiwataka waache kuishi kwa makombo ya Ulaya, watazame nchi yao na watu wao, na wafikiri kwa vichwa vyao. Mwandishi mwenzake, Oliver Wendell Holmes, baadaye aliiita hotuba hiyo tangazo la uhuru wa fikra za Wamarekani.

Mwaka 1841 Emerson alichapisha insha ambayo jina lake, likitiwa katika Kiswahili, haliwezi kuwa jingine ila "Kujitegemea". Hoja yake ilikuwa kwamba ukweli humjia mtu katika nafsi yake, na mtu anayeuacha ukweli huo kwa kuogopa macho ya watu amejiuza. Fikra hizo zilizaa fasihi. Henry David Thoreau, rafiki yake kijana, alikwenda kuishi peke yake katika kibanda kando ya ziwa dogo la Walden kuanzia mwaka 1845, na kitabu alichokiandika juu ya maisha hayo kilitoka mwaka 1854. Walt Whitman alitoa mashairi yake mwaka 1855, akavitupilia mbali vina na mizani, akaimba juu ya fundi, baharia, mtumwa mtoro na mkulima. Wengi walimdhihaki. Emerson, ambaye tayari alikuwa mtu wa heshima kubwa, alimwandikia barua ya kumpongeza.

Lakini fundisho hilo lilikuwa na kasoro yake, na Wamarekani wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuiona. Nafsi isiyomjua jirani hugeuka kuwa dikteta. Herman Melville, katika riwaya yake ya Moby-Dick ya mwaka 1851, alimchora nahodha Ahab, mtu aliyeitegemea nafsi yake kiasi cha kutosikia la mtu. Nahodha huyo aliiongoza merikebu nzima kwenye maangamizi kwa ajili ya kisasi chake binafsi, na katika mabaharia wote alisalia mmoja wa kusimulia. Tena, kile kibanda cha Thoreau kilisimama juu ya ardhi ya Emerson. Na Emerson mwenyewe aliweza kuacha mshahara wa kanisa na kuishi kwa kalamu na mihadhara kwa sababu mojawapo ya urithi alioachiwa na mke wake wa kwanza. Mtu aliyesifiwa kwa kusimama peke yake alikuwa amesimama juu ya mabega ya wengine. Vizazi vilivyofuata vya mabepari viliisahau sehemu hiyo ya habari. Walilichukua neno la Emerson wakalifanya vazi la kufichia uroho: tajiri akajiita mtu aliyejitegemea, na vibarua waliomtajirisha wakaitwa wavivu.

Haki inadai isemwe pia kwamba Emerson hakuwa wa namna hiyo. Mwaka 1838 alimwandikia Rais Martin Van Buren kupinga kuhamishwa kwa nguvu kwa Wacherokee kutoka katika ardhi ya baba zao, na baadaye aliipinga sheria ya mwaka 1850 iliyowalazimisha wananchi kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Nafsi yake iliyokataa kuburutwa ndiyo iliyomwezesha kuwatetea waliokuwa wakiburutwa.

MWALIMU NA KALAMU ZA TANZANIA

Hapana haja ya kudai kwamba Mwalimu alikichota kisima chake kwa Emerson. Fikra hizo mbili zilizaliwa katika mazingira tofauti, na kila moja ilianzia upande wake. Emerson alianza na mtu. Mwalimu alianza na watu. Katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 aliukumbusha umma methali ya mgeni anayekaribishwa siku mbili, na ya tatu akapewa jembe: mtu ana haki ya kula katika jamii yake, na ana wajibu wa kuifanyia kazi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliipanua hoja hiyo likasema kwamba maendeleo ya nchi yanategemea watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na kwamba fedha za kuombaomba haziwezi kuwa msingi wake. Kujitegemea kwa Mwalimu kulikuwa kwa kijiji na kwa taifa zima. Pasipo jamii, mtu mmoja angejitegemea vipi mbele ya soko la dunia, njaa au maradhi? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kama ilivyokuwa kwa Emerson, fikra hizo zilizaa fasihi. Mwaka 1968 Mwalimu aliwaomba washairi wayafikishe mafunzo ya Ujamaa na Kujitegemea kwa wananchi, na washairi wakaitikia. Mathias Mnyampala, ambaye alifariki mwaka 1969, alitunga ngonjera zilizochapishwa mwaka 1970 na 1971, na kwa muda mrefu wanafunzi walizighani mbele ya wageni wa shule kote nchini. Kazi hizo zilikuwa na faida kubwa. Ziliipeleka siasa mahali ambapo gazeti halikufika, na ziliwafanya watoto wa wakulima waipende lugha yao. Lakini kadiri miaka ilivyopita, waigaji waliongezeka. Kila ngonjera ikawa na mjinga anayeuliza na mjuzi anayejibu, na kabla ya ubeti wa mwisho mjinga sharti awe ameongoka. Swali halikuwa swali tena, kwa maana jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Ndipo akatokea mwandishi aliyeliuliza swali lisilo na jibu mfukoni. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Namagondo, Ukerewe, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka uliofuata ilitoka riwaya yake ya Rosa Mistika, ambayo kwa wakati fulani ilipigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye ikarudi darasani kama kitabu cha kufundishia. Mwaka 1974 zilifuata Kichwamaji, riwaya ya msomi aliyepoteza mizizi yake hata akajiua, na Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Washairi wa jadi walikasirika. Walisema huko ni kuivunja nyumba ya Kiswahili kwa kuiga Wazungu. Kwa kweli mtu aliyekuwa akiiga ni yule aliyeandika ubeti wa elfu moja kwa mfano wa ubeti wa kwanza. Kezilahabi alikuwa akifanya lile ambalo Waraka wa 1967 ulilidai: kujifunza kwa wengine, kukataa, kurekebisha.

Wapo waliomwona kama mtu aliyeukana Ujamaa na kuhubiri ubinafsi. Msomaji makini wa Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya yake ya mwaka 1975, hawezi kukubali hukumu hiyo. Tumaini, mhusika wake mkuu, anajitajirisha kwa kilimo, na siasa ya Ujamaa inapoifikia mali yake anamwua kiongozi, naye mwisho wake ni kitanzi. Huyo ni ndugu wa nahodha Ahab, nafsi iliyojipenda hadi ikaangamia. Lakini miaka minne baadaye, katika Gamba la Nyoka, Kezilahabi aliugeuza mwenge upande wa pili, akawamulika viongozi na wasomi waliowahamisha wanakijiji kwa nguvu huku wakitamka maneno mazuri ambayo hawakuyaishi. Vitabu hivyo viwili havina budi kusomwa pamoja. Kimoja kinamshitaki mtu anayeikana jamii, kingine kinaishitaki jamii inayomkanyaga mtu. Mwandishi wa namna hiyo hakuwa adui wa falsafa ya Mwalimu. Alikuwa mwanafunzi wake aliyeamini kwamba kudadisi kulikuwa sehemu ya somo. Kezilahabi alifariki mwezi Januari 2020, na hakuna anayeweza kuandika historia ya fasihi ya nchi hii akamruka.

FUNZO LA NYANDA ZA JUU

Shauri hilo halikuwa la vitabuni tu. Lilipita katika milima ya Kigoma na kuacha alama.

Watu wa Kasulu na Kibondo walijua tangu zamani maana ya mtu kupotezewa nafsi yake. Wakati wa ukoloni sehemu hizo zilifanywa hodhi la vibarua. Vijana wa Kiha walisafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na huko wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Mtu aliyekuwa na jina, ukoo na migomba yake alihesabiwa kama gunia. Kwa watu waliopitia hayo, habari ya kwamba kila binadamu ana thamani yake na sauti yake haikuwa anasa ya wasomi wa Harvard. Ilikuwa ndiyo maana yenyewe ya Uhuru.

Katika kijitabu cha Uhuru na Maendeleo cha Oktoba 1968 Mwalimu alikuwa ameeleza wazi kwamba watu hawawezi kuendelezwa kama mifugo. Hujiendeleza wenyewe, na vijiji vya Ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 nao uliwakemea viongozi wenye kiburi na ubwana. Hata hivyo Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kupitiwa na operesheni za kuhamia vijijini, kuanzia mwaka 1972, na mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni amri kwa nchi nzima. Waha, ambao nyumba zao zilikuwa zimetawanyika vilimani, kila kaya katikati ya migomba yake, walitakiwa kujenga kwa mistari kando ya barabara. Mahali kadha wa kadha nchini nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini.

Ni dhuluma kwa historia kusema kwamba hapakuwa na faida. Shule, zahanati na visima vilivifikia vijiji ambavyo mkoloni hakuwahi kuvijali, na elimu ya msingi kwa wote isingewezekana kwa watu waliotawanyika. Mzee aliyeuacha mgomba wake akiulilia, pengine ndiye aliyemwona mjukuu wake akisoma barua. Yote mawili ni kweli. Lakini katika haraka ile kulitendeka kosa moja ambalo matunda yake hayajaisha. Watu waliamriwa kujitegemea. Neno lenyewe linaikataa amri hiyo. Mtu anayengoja kuambiwa wapi ajenge, nini apande, lini apalilie na wakati gani apige makofi, anamtegemea anayemwambia. Siku msemaji akinyamaza, au akibadilisha wimbo, mtu huyo hubaki njia panda.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Aliyeliona mapema kuliko wengi alikuwa Mwalimu mwenyewe. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio, mwaka 1977, alikiri hadharani kwamba Tanzania haikuwa bado nchi ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea. Kiongozi aliye madarakani, mwenye vyombo vyote vya kumsifu, akasimama na kusema kwamba lengo halijafikiwa! Huo ulikuwa mfano wa kujitegemea kwa fikra kuliko ngonjera elfu. Ajabu ni kwamba wengi waliomsikiliza walipiga makofi kama kawaida, na hawakuuliza kwa nini.

NENO KATIKA VAZI JIPYA

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha, na katika miaka iliyofuata mashirika mengi ya umma yakauzwa. Neno kujitegemea halikufutwa. Lilivalishwa nguo nyingine. Kijana aliyemaliza shule anaambiwa ajitegemee, na maana yake ni kwamba asimsumbue mtu: ajiajiri, ajitafutie, ajitibie. Zamani neno hilo lilimdai mtu kwa niaba ya jamii na likasahau nafsi yake. Siku hizi linamtupa mtu kwenye nafsi yake na kuisahau jamii. Taifa limetoka kwenye kosa la kwanza likaangukia katika kosa lilelile ambalo mabepari wa Marekani walilifanya kwa neno la Emerson. Na tiba ya hapo haiwezi kuwa kurudi kwenye kosa la kwanza.

Kujitegemea kwa kweli kunataka pande zote mbili zishikane. Mtu asiye na fikra zake hana cha kuichangia jamii isipokuwa misuli. Jamii isiyomlinda mtu wake haina haki ya kumdai uaminifu. Mkulima wa maharage wa Rungwe Mpya hawezi, yeye peke yake, kupambana na mlanguzi wa bei, anahitaji ushirika. Lakini ushirika ambao wanachama wake hawathubutu kumwuliza katibu hesabu za fedha ni shimo la panya, na mkulima akiingia humo amemkimbia mlanguzi mmoja na kujisalimisha kwa mwingine. Kinachouokoa ushirika ni yule mwanachama mmoja anayesimama katika mkutano, akatetemeka kidogo, na kuuliza swali ambalo wote wanalo moyoni. Mtu huyo anaitegemea nafsi yake, na anafanya hivyo kwa manufaa ya wote. Emerson angemtambua, na Mwalimu angemtambua.

Watu wa namna hiyo hawaoti kama uyoga. Hufundishwa, na mahali pa kuwafundishia ni darasani. Hivyo shamba la shule liendelee, maana mtoto asiyejua jasho hawezi kumheshimu mkulima. Vitabu vya Shaaban Robert, vya Kezilahabi na vya wenzao visomwe mashuleni kwa kujadiliwa, badala ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani. Mwalimu aliyeulizwa swali gumu asiliite utovu wa adabu. Adabu ya Mswahili ni namna ya kuuliza. Haikuwahi kuwa kutouliza.

Na mwishoni mwa msimu, mahindi ya shamba la shule yakishavunwa, kupukuchuliwa na kuuzwa, akitokea mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, kwa heshima zote, na kuuliza yalipatikana magunia mangapi, yaliuzwa kwa bei gani, na fedha zimefanya kazi gani, asitolewe nje ya darasa. Aambiwe akae karibu na ubao, aletewe daftari la hesabu, na wenzake wote wasikilize akisoma. Siku hiyo shule hiyo itakuwa imeanza kufundisha kujitegemea.